Baada ya Halloween ya 1978: ufuate ya 1981, ya 1998 au ya 2018?

Filamu za kutisha za Halloween zimefika 13, na tatu kati yao zina jina moja tupu, bila namba wala neno la kuongezea: ya 1978, ya 2007 na ya 2018. Ukimpelekea flashi kijana wa muvi pale Darajani au Chake Chake ukamwambia "nitilie Halloween", atakutilia itakayotokea mwanzo kwenye kompyuta yake, nawe utafika nyumbani ukute Michael Myers, muuaji wa filamu hizi, keshapindukia miaka 60 ilhali ulimtaka yule kijana wa miaka 21. Hilo la majina lakini ni dogo, mwaka ukiutaja limekwisha. Kubwa ni kwamba ile ya kwanza ina miendelezo mitatu, na kila mmoja unajidai ndio muendelezo wa haki.

Halloween II, ya 1981, inaendelea usiku ule ule, pale pale ya kwanza ilipoishia. Halloween H20, ya 1998, inaruka miaka 20. Inaikubali ya 1981 na kuzitupa zilizofuata. Halloween ya 2018 inaruka miaka 40 na kuitupa hata ya 1981, kama kwamba haijapata kutengenezwa. Huwezi kuziamini zote tatu kwa pamoja. Katika moja Laurie, yule msichana anayewindwa na Michael, ana mtoto wa kiume, katika nyengine ana binti na mjukuu; huku Michael ni ndugu yake wa damu, kule ni mtu baki.

Mie nina upande wangu na utajitokeza humu njiani. Ila upande huo ni wa kutazama peke yangu usiku. Ukinialika kwa watu nitachagua nyengine, na ukiniuliza ipi ya kumuonesha mtu aliyetoka kuiona ya 1978 jana, nitachagua ile iliyobaki. Siri moja ya ya 1981 nitaifungua, ile ya undugu, maana bila yake hakuna la kulinganisha. Namna zinavyoisha sizigusi.

Kwa aliyeisahau ya kwanza

Usiku wa Oktoba 31, 1963, katika mji wa Haddonfield, jimbo la Illinois, mtoto wa miaka sita, Michael Myers, anamuua dada yake kwa kisu. Halloween ni usiku ambao watoto wa Marekani hupita nyumba kwa nyumba wakipewa peremende, kama wetu wanavyopita kutafuta mkono wa Idi, isipokuwa wao huvaa vinyago vya kutisha. Ndiyo maana mtu mzima aliyevaa kinyago anaweza kukata mitaa usiku huo na asitiliwe shaka na mtu.

Miaka 15 baadaye Michael anatoroka hospitali ya wagonjwa wa akili, anarudi mjini kwao, na kuanza kumfuatafuata msichana wa skuli, Laurie Strode, anayechezwa na Jamie Lee Curtis. Nyuma yake anakuja daktari wake, Loomis (Donald Pleasence), ambaye keshakata tamaa ya kumtibu na sasa anamtafuta kwa bastola. John Carpenter aliiongoza, akaiandika pamoja na Debra Hill, na muziki akautunga mwenyewe. Yote kwa dola laki tatu na ushei, ambazo kwa Hollywood ni fedha za soda. Kinyago cha Michael kilinunuliwa dukani kwa bei isiyofika dola mbili. Kilikuwa sura ya Kapteni Kirk wa tamthilia ya Star Trek, wakakipaka rangi nyeupe na kukipanua macho.

Mwisho wake unajulikana na kila mtu: Loomis anampiga risasi, Michael anaanguka kutoka ghorofani, na daktari anapochungulia chini, hayupo. Baada ya hapo tunasikia pumzi zake tu. Filamu imekwisha, na swali limebaki wazi: yule ni nani, na kwa nini Laurie?

Nitakavyopima

Jambo la kwanza ni undugu, yaani kila filamu inajibu vipi swali hilo la kwa nini. Kwangu hili ndilo linalozitenganisha hasa, kwa hiyo nitakaa hapo kuliko pengine. La pili ni Michael mwenyewe, anavyotembea na anavyotazamika. La tatu ni Laurie. La nne ni hofu na damu, ambavyo si kitu kimoja. Filamu yaweza kuwa na damu ndoo nzima na isimtishe hata paka. La tano ni ukumbini: urefu, lugha, na nani unaweza kukaa naye bila ya kutafuta rimoti kwa haraka.

Undugu

Ya 1981 ndiyo iliyoleta habari kwamba Laurie ni mdogo wake Michael, aliyelelewa na familia nyengine baada ya wazee wao kufariki. Katika ya 1978 hakuna hata harufu ya jambo hilo. Carpenter amekiri zaidi ya mara moja kwamba wazo lilimjia akiwa amekwama kuandika muendelezo asioutaka, akijisukuma kwa bia. Na kwa kuwa wakati huo huo televisheni ya Marekani ilihitaji dakika za kujazia ya kwanza, zikapigwa picha za ziada zenye neno "dada" limechorwa mlangoni kwenye chumba cha Michael hospitalini. Uongo ukarudishwa nyuma kwenda kuwa ukweli.

Wapenzi wengi wa Ulaya na Marekani wanauchukia undugu huu. Mie sikubaliani nao moja kwa moja, kwa sababu nimeona unavyofanya kazi kwa watazamaji wa huku. Weka ya 1978 mbele ya watu wanane Mwanakwerekwe na nusu saa haipiti kabla hujasikia: "Kwani kamfanya nini huyo mtoto wa watu?" Wa pili atasema karogwa, wa tatu ana jini, na mama mmoja atauliza wazee wake wako wapi. Hatutazami kimya. Ya 1981 inawapa watu jibu, na jibu lenyewe ni la kinyumbani: kikulacho ki nguoni mwako. Ghafla filamu ya mgeni wa mbali inakuwa habari ya ukoo, mirathi ya damu, mtoto aliyefichwa asili yake. Utawaona watu wanavuta mkao.

Hasara yake ni kwamba hofu inapungua eneo. Kama Michael anawatafuta ndugu zake, basi wewe usiye wa ukoo wa Myers unaweza kulala. Wauguzi na walinzi wanaouawa njiani ni wapita njia tu, wamemkalia mbele ya mlango.

Ya 1998 inauchukua undugu huo kama ulivyo na kuufanyia kitu cha maana zaidi. Haijishughulishi tena na kwa nini. Inauliza utafanya nini na ndugu wa namna hiyo. Laurie amejidai amekufa, amebadili jina, anaitwa Keri Tate, na ni mwalimu mkuu wa skuli ya bweni ya kulipia kule California. Ana mtoto wa kiume, John, aliyetimiza miaka 17, umri ule ule aliokuwa nao yeye siku ile. Kila mmoja wetu anamjua mtu aliyehamia Dar es Salaam au Muscat, kisa kinachosemwa ni kazi, kisa cha kweli ni jambo la nyumbani ambalo halizungumzwi mbele ya wageni. Na siku moja jambo lile linabisha hodi. H20 ni filamu ya hodi hiyo.

Ya 2018 inafuta yote. Mapema tu, mjukuu wa Laurie anaulizwa na mwenzake kama si kweli kwamba muuaji alikuwa kaka wa bibi yake, naye anasema hilo ni jambo watu walilizua. Sentensi moja, na filamu za miaka 37 zimezikwa. Michael wa 2018 hana sababu na hana nasaba. Kuna sehemu anaingia nyumba hii na kutoka, anaingia ile, kamera ikimfuata bila ya kukata. Anaua alipopenda kuua, halafu anapita karibu na kitanda cha mtoto mchanga anayelia na anamwacha. Hakuna anayetuambia kwa nini amemwacha. Kwangu mie hapo panatisha kuliko visu vyote vilivyotangulia.

Labda ni kwa sababu visiwani tunalijua tishio lisilochagua. Mwaka 1995 Popobawa, lile shetani linalosemwa huwavamia watu usiku, alipotangaa Pemba kisha akavuka kuja Unguja, hapakuwa na aliyejua kwa nini nyumba hii na si ile. Watu walitoka vyumbani wakalala nje, viwanjani na barazani, kwa makundi, na moto umewashwa. Amini usiamini kuhusu Popobawa mwenyewe, ule mkusanyiko ulikuwepo. Laurie wa 2018 amefanya kinyume chake kabisa: kajitenga msituni, kajifungia na bunduki, kafukuza kila mtu. Nikiitazama huwa najiuliza angenusurika kiasi gani kama angekuwa na majirani wa kulala nao uwanjani.

Kwenye hili basi, anayetaka hadithi yenye mzizi aende 1981, anayetaka uchungu wa ndugu aende 1998, na anayetaka Michael abaki fumbo aende 2018. Mie wa 2018.

Michael mwenyewe

Katika ya 1981 anachezwa na Dick Warlock, mtu wa michezo ya hatari, na anatembea kwa ugumu, polepole, kama mwenye kujua kwamba korido haina mlango wa pili. Kinyago ni kile kile cha 1978, kimeanza kuchakaa na kugeuka rangi, na kichwa kilichomo ni kingine, kwa hiyo sura imetanuka kidogo. Wapo wasioipenda. Mie naona usingizi ule wa usoni unamfaa mtu aliyekwisha kupigwa risasi na bado yuko kazini.

Ya 1998 hapa imeanguka, na hata wanaoipenda wanakubali. Walibadilisha vinyago katikati ya kazi, na kuna mahali wametia cha kompyuta. Ukitazama kwa makini utamuona Michael wa nywele hizi akiingia mlango mmoja na kutokea mwengine akiwa na nywele zile. Macho nayo yanaonekana mno. Michael ukishayaona macho yake anakuwa bwana fulani aliyevaa kinyago.

Ya 2018 ilimweka James Jude Courtney, na kwa heshima ikamrudisha Nick Castle, aliyekivaa kinyago 1978, kwa sehemu ndogo. Kinyago kimezeeka miaka 40 pamoja na mwenyewe, kina makunyanzi na ukungu. Michael huyu ni mzee, lakini hana uzee wa kusaidiwa kuvuka barabara.

Laurie

Ya 1981 inamdhulumu. Jamie Lee Curtis ndiye stelingi, jina lake liko juu, na muda mwingi yuko kitandani, kachomwa sindano ya usingizi, anachechemea koridoni na hazungumzi. Hata nywele si zake. Alikuwa amezikata, ikabidi avae wigi, na wigi linaonekana. Anayebeba filamu ni Pleasence, daktari anayezunguka mji akipiga kelele za kuonya na kusikilizwa nusu nusu. Kama ulimpenda Loomis, hii ni yake.

Sasa 1998 na 2018. Mwigizaji ni yule yule, jeraha ni lile lile, na waandishi wawili tofauti wamelitibu kwa dawa mbili. Laurie wa 1998 anakwenda kazini, anavaa vizuri, anaongoza wanafunzi, na kwenye mkahawa anaagiza kinywaji cha pili wakati mwenzake kaenda chooni ili asimuone. Anamlea mtoto wake kwa mkono uliobana mpaka mtoto anakosa pumzi. Yaani anaonekana mzima, na ule uzima ndio unaomchosha. Kisha inafika saa ambapo lango liko wazi, gari ipo, njia ya kukimbia ipo, na yeye anachukua shoka na kurudi ndani akimwita kwa jina. Hapo ukumbi wowote hulipuka. Nimeona watu wazima wakisimama.

Laurie wa 2018 hajidai mzima. Ameachika mara mbili, binti yake alichukuliwa na serikali angali mtoto kwa sababu mama alikuwa akimfundisha bunduki badala ya kumpeleka kucheza, na sasa binti huyo, Karen, ni mtu mzima asiyemtaka mama yake mezani. Hapa filamu ina jambo ambalo nyengine mbili hazina: wanawake wa vizazi vitatu wakilipa deni la usiku mmoja wa mmoja wao. Wanaoijua familia ambayo bibi hawezi kuulizwa kuhusu mwaka fulani watalitambua.

Ukinibana, kwa uigizaji mie ni wa 1998. Curtis ana nafasi ya kubadilika ndani ya filamu moja, kutoka mwenye kujificha hadi mwenye kuwinda; ya 2018 inamkuta keshakuwa askari tangu mwanzo. Pia H20 imemleta Janet Leigh, mama mzazi wa Curtis, aliyekuwa mwanamke anayeuawa bafuni katika filamu ya Psycho ya 1960, akicheza karani wa skuli. Anampa Laurie nasaha za kimama kisha anaondoka na gari ya aina ile ile aliyoiendesha katika Psycho. Asiyejua hakosi kitu. Anayejua atatabasamu gizani.

Hofu na damu

Ya 1978 karibu haina damu, na wengi husahau hilo. Katikati, mwaka 1980, ikatoka Friday the 13th, ikauza kwa damu, na Carpenter alipoiona kazi ya muongozaji wa ya 1981, Rick Rosenthal, akaona imepoa, akapiga mwenyewe vipande vya ziada vya kuikoleza. Ndiyo maana ina tabia mbili. Nusu yake ni utulivu wa korido ndefu, taa chache, hospitali isiyo na wagonjwa kwa sababu zisizoelezwa. Anayekumbuka Unguja ilipokaa gizani kutoka Disemba 2009 hadi Machi 2010 anajua jinsi jengo kubwa linavyobadilika umeme ukiondoka. Nusu nyengine ni sindano, kisu cha upasuaji na maji ya moto. Nusu ya kwanza ndiyo inayotisha, ya pili inakera. Muziki umeongezewa nguvu na Alan Howarth kwa vinanda vya umeme, mzito zaidi kuliko wa kwanza, na mie naupenda hivyo hivyo.

Ya 1998 ni mtoto wa Scream ya 1996: vijana werevu wa maneno, mizaha, na kushtukiza kwingi ambako nusu yake ni rafiki aliyemgusa mwenzake begani. Hata sehemu ya muziki waliuchukua wa Scream. Damu si nyingi, waliokufa si wengi, na muda mrefu unapita kabla Michael hajaanza kazi kwa bidii. Lakini dakika za mwisho zinakwenda mbio bila ya kupumzika. Muongozaji wake, Steve Miner, ndiye aliyeongoza Friday the 13th ya pili na ya tatu, na mkono huo unajulikana. Kuna na mlinzi wa lango, anayechezwa na mwanamuziki LL Cool J, anayemsomea mkewe kwenye simu hadithi ya mapenzi anayoitunga. Huyo peke yake anastahili flashi.

Ya 2018 ni nzito. Ina mzaha wake, lakini mauaji ni ya kikatili, na sehemu ya choo cha kituo cha mafuta si ya mtu aliyetoka kula urojo. Muongozaji David Gordon Green anajua kuchelewesha kisu, na Carpenter alirudi kutunga muziki, safari hii pamoja na mwanawe Cody na Daniel Davies. Unapopigwa ule mdundo wa zamani katika spika za leo, taharuki inaanza kabla ya picha.

Ukumbini

Zote tatu nchini Marekani ziliwekewa alama ya kwamba aliye chini ya miaka 17 asiingie bila ya mtu mzima, na ukizitazama utaona ni sawa. Watoto walale kwanza.

Kwa aibu, ya 1981 ina kipande cha muuguzi na bwana wake kwenye bwawa la tiba, na kinakaa kwenye skrini muda wa kutosha kumfanya baba mkwe aanze kukohoa. Ya 1998 ndiyo salama zaidi kati ya tatu. Ya 2018 ina matusi mengi na maneno ya vijana.

Kwa lugha, ya 1981 ina maneno machache, na hata asiyejua Kiingereza ataifuata kwa macho. Anayejua kidogo awatafsirie wengine pale pa undugu tu. Ya 1998 ina mizaha ya haraka ambayo itawapita watu, na ya 2018 ina mazungumzo marefu ya kifamilia yanayohitaji maandishi chini. Nakala ya 2018 yenye maandishi ya Kiingereza inapatikana kirahisi. Za zamani, uliza kabla ya kulipa.

Kwa urefu: ya 1981 dakika 92, ya 1998 dakika 86, ya 2018 dakika 106. Kwa bando la intaneti tofauti si kubwa.

Kwa deni: ya 1998 unaweza kuiona na ukasimama hapo, kwa sharti la kutoigusa ya 2002 iliyokuja kuuvuruga mwisho wake. Ya 2018 imefuatiwa na ya 2021 na ya 2022, kwa hiyo ukiianza umejifunga na tatu; iliingiza zaidi ya dola milioni 250 duniani, na mgema akisifiwa tembo hulitia maji. La kuchekesha ni kwamba ya 2021 inaendelea usiku ule ule na Laurie kalazwa hospitali, yaani waliitupa ya 1981 mlangoni wakairudisha dirishani.

Nilizoziacha

Ya 1982 hadithi yake haimhusu Michael. Carpenter na Hill walitaka kila mwaka hadithi mpya, watazamaji wakakataa. Ya 1988, 1989 na 1995 zinatokana na ya 1981 na zinasema Laurie amekufa. Za 2007 na 2009, za Rob Zombie, zinasimulia upya tangu utotoni kwa Michael. Mwenye hamu azitafute, ila si sehemu za pili za ya 1978 kwa maana tunayoizungumza.

Kwa hali yako

Ikiwa ya kwanza umeiona jana na bado iko moto kichwani, chukua ya 1981. Ukiziunganisha mbili hizo unapata usiku mmoja wa saa tatu hivi, na mwisho wa moja ndio mwanzo wa nyengine. Uvumilie udhaifu wa Laurie, mfuate Loomis.

Ikiwa ya kwanza uliiona zamani, umesahau nusu yake, na unataka filamu moja ya kukaa na mke au mume, kaka na shemeji, ikishakwisha watu walale, chukua ya 1998. Unachohitaji kujua kinaelezwa. Wale wanaosema filamu za namna hii zinamdhalilisha mwanamke, waonesheni hii mwanzo.

Ikiwa unatazama peke yako, hupendi kuelezwa kila kitu, na damu haikusumbui, chukua ya 2018. Funga mlango wa uani kabla hujaanza, maana katikati hutotaka kwenda kuufunga.

Ikiwa mna kikundi cha vijana wanaobishana, wapeni ya 1981 wiki hii na ya 2018 wiki ijayo, kisha waulizeni undugu uwepo au usiwepo. Ubishi huo utafika alfajiri. Kwa kikundi kisichopenda kusoma maandishi chini, ya 1981 peke yake.

Ikiwa kuna mtu ndani ya nyumba aliyewahi kulazwa karibuni, au anaogopa sindano, ya 1981 muepusheni nayo. Aliyefiwa kwa ukatili, au aliye katika ugomvi na mama yake, asianzie 2018.

Na anayetaka kuziona zote tatu asizitazame mfululizo usiku mmoja. Aanze ya 1981 na ya 1998, hizo zinasikilizana. Ya 2018 aiweke mpaka baada ya siku kadhaa, airudie kwanza ya 1978, halafu ndipo aiingie, akiwa hana kaka wala dada kichwani.